Mgeni Aliyebaki Baada ya Matanga

Mtu mmoja alikuwa na sifa ya kumaliza misiba kwa wakati. Jina lake Sefania Mgonja, mkulima wa tangawizi huko milimani Upareni, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya kijiji chake. Mtu akikata roho, hata kabla ya kumlilia, watu walisema, "Mwiteni Mwenyekiti." Naye alifika na saa yake mkononi, akapanga nani achimbe, nani apike, nani apokee wageni, na turubai lifungwe wapi. Mbele yake hata marehemu, ungedhani, alilala kwa adabu zaidi.

Sheria yake ilikuwa moja: siku tatu. Siku ya tatu, saa kumi alasiri, matanga yanaanuliwa. Sefania alisimama, akakohoa, akasema kwamba kazi ya Mungu haina makosa, kisha akaanza kukunja mikeka kwa mikono yake mwenyewe. Hakungoja mtu anyanyuke. Mjane mmoja, Mama Mbonea, aliwahi kuvutiwa mkeka akiwa katikati ya kwikwi, akaimalizia kwikwi yake juu ya udongo. Watu waliona ni ukali, lakini waliona pia ni nafuu, maana shamba halingoji mtu, na kilio kisicho na mwisho humaliza mahindi ya majirani. Kila mfiwa aliambiwa neno lilelile: "Jikaze." Sefania alilitamka kwa moyo safi kabisa, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kufunga mlango wa banda la kuku. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajafiwa tu.

Masika yalipoingia, naye akafiwa. Mkewe Nakijwa alishikwa na homa, na siku ya nne homa ikamchukua. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na minne. Nakijwa alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno mengi, aliyezungumza na sufuria, na kuku, na mumewe, kwa mpangilio huo. Chai yake aliitia tangawizi mpaka wageni wakatokwa machozi, naye akadhani wameguswa na ukarimu wake. Sefania aliendesha msiba huo kama wa mtu mwingine yeyote. Alipima kina cha kaburi kwa kijiti. Alihesabu sahani. Binti yake wa pekee, Namkunda, aliyeolewa tambarare huko Ndungu, alipoangua kilio kaburini, Sefania alimshika bega akamwambia ajikaze, watu wanatazama. Yeye mwenyewe hakudondosha chozi. Wazee wakamsifu kwamba tangu wazaliwe hawajaona msiba uliokwenda kwa saa namna ile. Alifurahi kusikia hivyo, kisha akaona aibu kwamba amefurahi, kisha akaenda kuhesabu sahani mara ya pili.

Siku ya tatu, saa kumi, alikohoa, akasema maneno yake, akakunja mikeka. Watu wakaaga. Turubai likashushwa, masufuria yakarudi kwa wenyewe, Namkunda akapanda gari la Ndungu na macho mekundu. Sefania alipofika kwenye mkeka wa mwisho, kibarazani karibu na jiko, akakuta mtu amekaa juu yake. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye koti zito jeusi na mfuko mdogo wa nguo. Halii, hasemi. Amekaa tu, tena amekaa vizuri, kama mtu asiye na safari.

Hapa lazima nieleze desturi ya watu wale, la sivyo mtamwona Sefania mjinga kuliko alivyokuwa. Kwao, mtu aliyekuja kuzika haulizwi yeye ni nani. Anapewa maji ya kunawa, anapewa chakula, anapishwa mkekani. Kumuuliza "wewe ni wa wapi?" ni kumwambia kwamba machozi yake yanahitaji kibali, na hilo ni tusi ambalo koo mbili zinaweza kulibeba miaka kumi. Basi kwa siku tatu zile, watu wa ukoo wa Sefania walidhani yule ni mjomba wa upande wa Nakijwa, na watu wa Nakijwa walidhani ni mjomba wa upande wa Sefania. Pande zote mbili zilimwita Mjomba. Pande zote mbili zilimjazia sahani, ili upande wa pili usije ukasema wao ni wachoyo. Mgeni akawa anakula mara mbili kila mlo, na kwa siku tatu hakuna aliyeshtuka.

Wa kuilinda desturi hiyo kuliko wote alikuwa Sefania mwenyewe, kwa hiyo hakuweza kumuuliza. Alichofanya ni kusema, "Mjomba, karibu ulale," kwa ile sauti ya mtu anayeomba akataliwe. Mjomba akashukuru kwa kichwa, akaingia ndani, akalala.

Asubuhi Sefania akamwendea Yoeli, kaka wa marehemu.

"Shemeji," akaanza kwa upole, "yule mjomba wenu ni mtu mzuri sana. Nyumbani kwake hawamhitaji?"

"Mjomba wetu?" Yoeli akaweka kikombe chini. "Sisi tunajua ni wenu. Mama tangu juzi anasema, hawa kina Mgonja wana mjomba anayekula, hata aibu hana."

Wakatazamana. Yoeli akafikiri, akapima, akakumbuka kwamba mgeni hayuko nyumbani kwake. Akasema mambo ya misiba Mwenyekiti ndiye anayeyajua, akachukua panga lake akaenda shambani. Sefania akarudi nyumbani polepole.

Wahenga walishasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sefania aliona hapa pana njia ya heshima, kwa kuwa mtu akipewa jembe hafukuzwi, anaelimishwa. Akamkabidhi Mjomba jembe. Mjomba hakununa. Alilipokea kwa mikono miwili, akashuka shambani, akapita matuta yote ya Sefania bila kuyatazama, akaenda moja kwa moja kwenye sehemu aliyokuwa akilima Nakijwa. Akalima kutwa, tena kwa nguvu. Jioni akarudi, akaweka mezani kijiko kilichopinda, kimejaa udongo. Sefania alikijua kile kijiko. Kilipotea mwaka wa mvua nyingi, naye alimlaumu mkewe kwa uzembe wiki nzima, mpaka Nakijwa akanyamaza, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Sasa Mjomba alimwonyesha mahali alipokipata, na mahali penyewe ni pale pale Sefania alipokaa siku ile kunywa uji wake. Kesho yake Mjomba akaja na kitufe cha gauni. Keshokutwa, nusu ya kitana. Sefania akaona kwamba kadiri anavyomtuma kazi ndivyo nyumba inavyojaa Nakijwa. Akamnyang'anya jembe.

Akajaribu ufagio. Wanawake wa pale wakichoshwa na mgeni, husimamisha ufagio nyuma ya mlango kichwa chini, na mgeni, wasemavyo, hukumbuka kwao. Sefania alikuwa ameicheka imani hiyo maisha yake yote, kwa hiyo aliusimamisha ule ufagio akiwa amefunga dirisha. Mjomba alipouona, alidhani umewekwa vibaya. Akauchukua akafagia nyumba. Alifagia vizuri, pembe kwa pembe, mpaka chini ya kitanda, na kutoka huko akatoa ndara moja ya Nakijwa, ya mguu wa kushoto. Akaipangusa, akaiweka mlangoni pale ilipozoea kukaa. Sefania alisimama akiitazama ile ndara mpaka uji ukaungua.

Wakati huo Namkunda alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Aliuliza hali ya mvua, akauliza bei ya tangawizi, na kila mara, kabla ya kuaga, aliuliza swali moja.

"Baba, hapo nyumbani wote walishaondoka?"

"Wote. Siku ya tatu, saa kumi."

"Hakubaki hata mtu mmoja?"

"Hakubaki mtu."

Namkunda akasema haya baba, ubaki salama. Na Mjomba, pembeni, alikuwa akimtazama Sefania huku anamenya karanga. Mwenyekiti angesema nini? Angemwambia mwanawe kwamba kila mtu kijijini msiba wake uliisha siku ya tatu isipokuwa wake yeye? Jumapili ya tano simu haikulia. Ya sita pia haikulia. Sefania akaanza kuibeba simu hadi shambani, na mara mbili alipanda juu ya jiwe ili kuhakikisha mtandao upo. Mtandao ulikuwepo.

Lililomshinda kabisa lilitokea kwenye msiba wa watu wengine. Mzee Kajiru alifiwa na ndugu yake, Mwenyekiti akaitwa, akaenda na saa yake. Mjomba akamfuata, hatua kumi nyuma, na koti lake. Siku ya tatu saa kumi, Sefania akakohoa, akasema kazi ya Mungu haina makosa, lakini sauti ilitoka nyembamba na watu wa nyuma hawakusikia. Akaushika mkeka wa Mzee Kajiru, akavuta. Mkeka haukuja. Akavuta kwa mikono miwili. Akatazama, akaona Mjomba amekalia upande wa pili, ametulia, ana uzito wa magunia manne. Sefania akaweka mguu ukutani, akavuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Kijiji kizima kiliacha kulia ili kimtazame mwenyekiti wake akipigana mieleka na mkeka.

"Mwenyekiti, acha," Mzee Kajiru akamwambia taratibu, akiwa bado juu ya mkeka huohuo. "Hata wewe umechoka."

Sefania akasema ni unyevu. Akasema mikeka ya siku hizi inashika unyevu. Akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, na siku hiyohiyo akamfungia Mjomba ghalani.

Ghala lenyewe lilikuwa la mbao, na ndani mlikuwa na mahindi ya chakula na tangawizi ya mbegu. Mjomba hakubisha. Aliinamisha kichwa, akaingia, akakaa. Sefania akafunga mlango kwa kufuli, akaongeza na gogo, akajipangusa mikono. Kwa wiki tatu alikuwa mtu huru. Alitembea kijijini kichwa juu, akacheka vicheko virefu kuliko mambo yenyewe yaliyochekesha. Watu wakasema Mwenyekiti kweli ni mwamba. Usingizi tu ndio ulikuwa haumjii, na chakula alikuwa hakioni ladha, lakini hayo hakuna aliyemuuliza.

Mchungaji, aliyekuwa bado mgeni katika usharika ule, akaja kumsabahi. Wakakaa kibarazani.

"Mzee Sefania, unaendeleaje tangu mama atutoke?"

"Salama, Mchungaji. Namshukuru Mungu. Yamekwisha."

Ghalani kukasikika mtu anakohoa. Mchungaji akageuza shingo.

"Mbuzi," Sefania akasema.

"Anakohoa?"

"Ana mafua."

Mbuzi akashusha pumzi ndefu, ya huzuni, kisha akapenga kamasi. Mchungaji alikuwa amelelewa vizuri. Alifumba macho, akamwombea yule mbuzi sala fupi lakini ya dhati, akaaga.

Alipoondoka, Sefania akafungua mlango kidogo ili achote mahindi ya kusaga. Akaganda pale mlangoni. Magunia mawili yalikuwa matupu. Nusu ya tangawizi ya mbegu imeliwa, mbichi, na maganda yake. Na Mjomba, aliyeingia akiwa mtu wa kawaida, alikuwa ameenea ghala zima, koti halifungi tena, mashavu yamejaa, magoti yamegusa ukuta huu na mgongo umegusa ule. Katika lile giza hapakuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kula, naye alikuwa amekula. Sefania akasukuma mlango kwa bega, akaongeza gogo la pili. Siku zile zilizofuata mbao za ghala zilianza kutoa sauti, na yeye mwenyewe alikonda mpaka saa ikawa inazunguka mkononi. Mbegu ya mwaka ujao ilikuwa inaliwa usiku na mchana, na mwenye shamba alikuwa anawaambia watu yuko salama.

Jumamosi moja adhuhuri, Namkunda akatokea bila taarifa. Alimpa baba yake shikamoo, akapokea marahaba, asikae. Akazunguka nyumba. Akaingia jikoni, akatoka. Sefania alimfuata nyuma akimweleza habari za bei ya mbolea.

"Baba," Namkunda akamkatiza, "nakuuliza mara ya mwisho, kisha sitakusumbua tena. Mama alipoondoka, hakuna aliyebaki hapa?"

Akamweleza kwa nini anauliza. Alisema mama yake aliishi katika nyumba hii miaka thelathini na minne, akapika humu, akazaa humu, akaongea humu mpaka kuta zikazoea. Kama siku ya tatu saa kumi wote waliondoka na hakubaki hata mmoja, basi kwa kweli mama hakuwa na mtu hapa. Yeye atachukua kinu cha mama yake aende zake, na baba yake asimngoje Krismasi wala Pasaka. Alisema bila hasira, na kutokuwa na hasira ndiko kulikomtisha Sefania. Alikuwa amekwisha kuamua tayari, alibakiza jibu tu.

Sefania akafungua kinywa. Ghalani mtu akakohoa.

"Mbuzi," akasema.

"Baba, hujafuga mbuzi tangu mimi niko darasa la tano."

Sefania akatazama chini. Namkunda akangoja, akangoja tena, kisha akainama akakinyanyua kinu cha mama yake, akakiegemeza kiunoni, akatoka. Akavuka uwanja. Akafika kwenye migomba. Sefania alimtazama mgongo wake, ambao ulikuwa mgongo wa Nakijwa mtupu, hata namna ya kuegemea upande mmoja. Akafikiri habari ya watu watakavyomcheka. Akawaona wote: Mzee Kajiru, Yoeli, Mchungaji, na Mama Mbonea akiwa mbele. Kisha akaona kwamba watu hao wote wana makwao, na jioni watakuwa huko, na yeye atakuwa hapa na makufuli yake. Akakimbia ghalani. Akatupa gogo la kwanza, akatupa la pili, akahangaika na ufunguo, na kufuli lilipoachia mlango ulijifungua wenyewe, kwa kusukumwa.

Mjomba akatoka kwa ubavu. Akakwama. Sefania akamshika mkono wa koti akamvuta, akamwomba radhi, akamvuta tena, na kwa kishindo kikubwa akatoka mtu mnene ambaye kijiji kile hakijapata kuona mfano wake, amejaa unga na maganda ya tangawizi, anapepesa macho kwa mwanga wa mchana. Kwenye migomba Namkunda alikuwa amegeuka. Aliweka kinu chini. Akarudi polepole, akamzunguka Mjomba mzima, akamtazama toka juu hadi chini, akamtazama baba yake alivyokonda.

"Baba," akasema, "wa kwako mnene kuliko wangu."

Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio, kikarudi kuwa kicheko. Akaita kuelekea njiani, na kutoka nyuma ya migomba akaja mtu mwingine mwenye koti jeusi, mwembamba, mpole, aliyekuwa amesubiri kule kwa sababu hakuwa amekaribishwa. Huyo alimfuata Namkunda tangu siku ileile ya tatu. Alipanda naye gari hadi Ndungu. Mume wa Namkunda alilalamika mwezi mzima, kisha akachoka, akampa kiti. Watoto wakamzoea. Namkunda alipofua alikaa naye, alipolia hakumficha, na jioni mgeni huyo alikula sinia moja na watu wote, na kwa kuwa sinia la watu wengi halimshibishi mtu sana, hakunenepa. Alichokuwa akiuliza Namkunda kwenye simu kila Jumapili ni kama baba yake naye anaye. Alikuwa amechoka kudhani kwamba katika dunia nzima ni yeye peke yake aliyebakiwa.

Wajomba wale wawili walisalimiana kama watu wa kazi moja. Namkunda akaingia jikoni akapika makande, wakakaa wanne, sinia moja.

Sefania akatia tonge la kwanza mdomoni, na kabla hajameza, kilio kikamjia. Hakuwa fundi wa jambo hilo. Alikuwa amesimamia misiba mia mbili na hakujua mtu anaanzia wapi. Alianza kwa kwikwi, haragwe likapita njia siyo, Namkunda akalazimika kumpiga mgongoni. Kisha likatoka lile lililokuwa chini ya yote. Akasema kwamba siku ile ya nne ya homa, adhuhuri, Nakijwa alimwomba akae naye. Hakutaka dawa wala maji, alisema tu, kaa kidogo. Na Sefania alikuwa na msiba kitongoji cha chini, turubai lilikuwa halijafungwa. Akamwambia, nitarudi saa kumi.

"Ukarudi saa ngapi, baba?"

"Saa kumi," Sefania akasema. "Saa kumi kamili."

Namkunda hakumwambia ajikaze. Hakumwambia kazi ya Mungu haina makosa. Alisogea tu, akaegemeza kichwa chake begani kwa baba yake, wakalia pamoja, kwa sauti, mchana kweupe, milango yote ikiwa wazi, mpaka Yoeli akaja mbio na panga akidhani nyumba imevamiwa. Akaona, akaelewa, akaketi, akaomba kijiko. Mjomba wa Sefania siku ile alikula kidogo, maana mikono ilikuwa mingi.

Namkunda alikaa wiki mbili, na alipoondoka alikiacha kinu pale jikoni. Watu walimcheka Sefania kwa muda wa siku nne hivi, kisha likatokea jambo la ng'ombe wa shule, wakamsahau. Mjomba akapungua. Mwezi wa kwanza koti likafungika kifungo kimoja, mwezi wa tatu vyote. Akaanza kutoka matembezi, akapotea siku mbili, kisha wiki. Hakuondoka moja kwa moja, na Sefania aliacha kumngojea aondoke. Anarudi wakati wa kuosha tangawizi mpya, au siku mtu akikoleza tangawizi kwenye chai kupita kiasi, anakaa kidogo, anakula sahani yake, anainuka mwenyewe. Sefania bado ni mwenyekiti. Misiba ya pale bado inaanza kwa saa, ila sasa hakuna ajuaye itaisha lini, na wako wanaonung'unika kwamba maharage hayatoshi. Wana haki ya kunung'unika. Lakini mbegu za watu, mwaka hadi mwaka, zinafika shambani.

Nanyi mmemcheka Sefania, nimewasikia, nami sikuwakataza. Sasa nauliza, na kila mtu ajibu kimoyomoyo: leo akija mwanao mlangoni akakuuliza kama kwako hakuna aliyebaki, utamjibu nini?